Si kila mnachokiona kwetu ni utamaduni: barua ya wazi kwa wanaotupokea na kutuajiri Marekani

Kwa wakurugenzi wa mashirika ya kupokea wakimbizi, waratibu wa wakimbizi katika majimbo, na mameneja wa viwanda vya nyama, maghala na hoteli zinazoajiri Wakongomani nchini Marekani.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Kila ofisi yenu ina namba ya simu ya wakalimani, na mimi ni mmoja wa wanaoipokea. Nimetaka pia ninaowasemea waisome kwanza barua hii, wanikosoe nilipozidisha, kabla haijafika mezani kwenu.

Kazi yangu hunikalisha kati ya watu wawili wasioelewana: huku mwajiri au afisa wa shirika, kule mama au mzee kutoka mashariki mwa Kongo. Mambo yakienda kombo, jibu linalotoka haraka kuliko yote ni kwamba huo ni utamaduni wao. Hasemi mbele ya msimamizi, utamaduni. Ameficha jeraha, utamaduni. Mke bado hajaanza kazi, utamaduni. Amekosa zamu tatu kwa ajili ya msiba, utamaduni. Mengine ni kweli, nami nitayataja bila kuyafunika. Ila mengi mnayoyaweka kwenye fungu hilo ni tabia tulizofundishwa na kambi, na mengine yanatokana na taratibu zenu wenyewe. Utamaduni wa mtu si wenu kuubadilisha. Tabia ya kambi humtoka mtu polepole akisaidiwa. Taratibu zenu mnaweza kuzibadilisha wiki hii.

Mnatujua kwa hesabu. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi takriban 100,000, na karibu 20,000 kati yao walikuwa Wakongomani, kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Wengi wetu ni watu wa mashariki: Wabembe wa Fizi, Wafuliiru na Wavira wa Uvira, Banyamulenge wa nyanda za juu za Minembwe, watu wa Rutshuru, Masisi na Kalemie. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, na leo utakisikia Lexington na Louisville, Des Moines, Grand Rapids, Dayton, Boise, hata Portland kule Maine. Jambo ambalo hesabu hizo haziwaonyeshi ni kwamba wengi wetu hatukuja kwenu kutoka Kongo. Tulitoka Nyarugusu mkoani Kigoma, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, Kakuma nchini Kenya, kambi za Rwanda na Burundi. Tumekaa huko miaka 10, 15, wengine zaidi ya 20. Kijana wa miaka 25 anayesimama leo kwenye laini yenu ya kukata nyama, Kongo yenyewe anaijua kwa kusimuliwa na bibi yake.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita vya kwanza vya Kongo vilipowaka. Tanzania ilitupokea tukiwa hatuna kitu, na wema huo hatuusahau. Lakini sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 na kanuni zilizofuata zilitufungia ndani ya kambi. Kutoka bila kibali ni kosa. Kwenda kulima kibarua katika shamba la Muha wa kijiji cha jirani ni kosa. Mpango wa kuwapa watu fedha taslimu badala ya mgawo wa chakula ulisimamishwa mwaka 2017, na masoko tuliyokuwa tukikutana na wenyeji nayo yakafungwa. Mtoto aliyekulia hapo amejifunza tangu utotoni kwamba kutafuta riziki ni jambo la kufanya kwa kujificha.

Uganda ni habari nyingine. Sheria yao ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kwenda anakotaka. Mama wa Kikongo akiwa Kampala anabeba vitenge begani na kuzunguka navyo mtaa kwa mtaa. Nakivale watu wana maduka, vinu vya kusaga na pikipiki za bodaboda.

Nawajua dada wawili, tumbo moja, watu wa Baraka kando ya Ziwa Tanganyika. Vita viliwatenganisha: mmoja akavuka ziwa kwenda Kigoma, mwingine akapitia Burundi na Rwanda hadi Kampala. Kanisa lao ni moja, lugha ni moja, malezi ni yale yale ya mama yao. Walipokutana tena hapa, aliyetoka Kampala alishapata kazi ya pili na kuanza kuuza sambusa kanisani, wakati mwenzake alikuwa bado akiniuliza kama ni lazima aombe ruhusa kwa shirika ili aende mji wa jirani. Kama tatizo ni utamaduni, niambieni dada hawa waliachana wapi. Mimi naona waliachana kwenye sheria za nchi mbili.

Nieleze jambo moja kwa karibu, nikibadilisha mawili matatu ili mhusika asitambulike. Mama wa makamo ameketi mbele ya afisa wa ajira. Anaulizwa, umewahi kufanya kazi gani? Anajibu kwa sauti ya chini, sikufanya kazi. Nikatafsiri vile vile, maana mkalimani haongezi wala hapunguzi. Afisa akaandika kwamba hana uzoefu, akafungua orodha ya kazi za usafi wa hoteli, na robo saa haikuisha mama akawa ameshapangiwa maisha yake. Nje, tukisubiri gari la kumrudisha nyumbani, akaanza kunisimulia habari za Nyarugusu. Kila alfajiri alikuwa anakanda unga na kukaanga maandazi ya kuwauzia watoto wa shule. Unga aliukopa, akalipa kila Jumamosi bila kukosa. Alikuwa na wasichana wawili wa kumsaidia, akiwalipa kwa wiki. Juu ya hayo alikuwa mweka hazina wa likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ya akina mama wa zoni yao, na hesabu yote aliiweka kichwani. Nikamwuliza, mama, mbona hayo hukumwambia? Akanitazama kama mtu aliyetegwa. "Mwanangu, ile ilikuwa kujitafutia. Tena ilikatazwa."

Mjue kwamba mama huyu alihojiwa mara nyingi kabla ya kuketi mbele yenu. Alihojiwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, akahojiwa na kituo kinachotayarisha faili za kuja Marekani, akahojiwa na afisa wa uhamiaji wa Marekani aliyesafiri hadi kambini. Maswali ni yale yale: tarehe, majina, nani aliuawa, wapi, mbele ya nani. Jibu la leo likipishana na la mwaka juzi, kesi inasimama, na familia nzima inabaki kambini. Hapo tukajifunza namna ya kuhojiwa: jibu fupi, lile lile, usiongeze kitu, na lolote lililokatazwa usiliguse. Ujuzi huo ndio uliotuvusha bahari. Sasa mnamweka mbele ya afisa mwingine, mwenye karatasi nyingine na kalamu nyingine, mnashangaa kwamba hajielezi.

Hapo utamaduni nao upo, sikatai. Kwetu mtu hajisifu mbele ya mkubwa. Ukisimama mwenyewe kusema mimi ni hodari, mimi ni kiongozi, wazee watakuona huna malezi. Sifa ya mtu husemwa na mwingine. Hili halihitaji kurekebishwa, linahitaji mjue pa kuuliza. Mwiteni mtu anayemfahamu, mwalimu wa kwaya, jirani yake wa kambini, mama mwenzake wa likelemba, mwulizeni mbele yake huyu anaweza nini. Mtasikia ambayo hamkuyasikia katika fomu zenu zote. Ongezeni na saa moja, kwa lugha yake, mwulize siku yake kambini ilikuwaje tangu kulipokucha mpaka kulipokuchwa. Msianze na neno kazi. Mtakuta fundi cherehani, mwashi, mtu wa kuchomelea vyuma, mkunga, mwalimu aliyefundisha darasa la watoto 100 kwa posho isiyotosha hata sabuni. Wamo pia wenye diploma ya serikali ya Kongo, cheti cha kumaliza sekondari, iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, ambayo hakuna aliyewahi kuwaomba waionyeshe.

Jambo la pili nililoliona kwa macho linahusu kisu. Mzee mmoja alijikata kiganja kiwandani, katika chumba cha baridi. Akafunga kitambaa, akavaa glavu juu yake, akamaliza zamu. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo. Nilipoitwa kutafsiri, kikao hakikuwa cha kumpa pole. Kilikuwa cha kumpa onyo la maandishi kwa kutoripoti jeraha siku ile ile. Mzee aliitikia kila kitu kwa kichwa. Msimamizi aliniambia kwamba watu wenu wanavumilia sana maumivu, ni utamaduni.

Si kuvumilia. Kabla ya kusafiri, kila familia inapimwa afya. Mtu mmoja akikutwa na kifua kikuu, safari ya nyumba nzima inangoja miezi hadi amalize dawa. Tumeona watu waliokwisha kuuza vyombo na kuaga majirani wakiambiwa warudi mahemani kwa sababu ya picha ya mapafu ya mtu mmoja. Upimaji ule una sababu zake za kitabibu na sina ugomvi nao. Nasema tu ulichomfundisha mzee yule: mwili wenye kasoro unaisimamisha familia. Alipoona damu, hakuona jeraha, aliona watoto wake wakirudishwa nyuma. Onyo la maandishi likamthibitishia kwamba alikuwa amefikiri sawasawa.

Dawa yake ni rahisi, na karatasi ya sera haimo. Siku ya kwanza ya mafunzo, asimame Mkongomani mwenzake aliyewahi kuumia hapo hapo, akatibiwa, akarudi kazini, aseme hivyo kwa mdomo wake. Wakuu wa kazi watasema hilo ni gharama ya ziada. Wakumbuke kwamba idara ya usalama kazini ya serikali kuu ilikwisha kutoa msimamo tangu mwaka 2010: mafunzo ya usalama sharti yatolewe kwa lugha na msamiati anaouelewa mfanyakazi. Kumwekea mtu video ya Kiingereza na kumpa kalamu asaini si mafunzo.

Tulionyeshwa bei ya jambo hili mwezi Aprili 2020, korona ilipoingia katika kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe cha Sioux Falls, South Dakota. Wataalamu wa afya wa serikali waliotumwa kule waliandika kwamba wafanyakazi walikuwa wakizungumza lugha takriban 40, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa 10 za juu. Maagizo ya namna ya kujikinga yalikuwa yakigonga ukuta wa lugha huku watu wakiugua mamia kwa mamia. Wale hawakuwa watu wasiojali afya zao.

Na kuna hili la kuitikia kwa kichwa, ambalo ni letu kweli. Kwetu mkubwa akizungumza unainamisha macho, na akiuliza kama umeelewa unasema ndiyo, kwa sababu kusema hapana ni kama kumwambia kwamba hakufundisha vizuri. Mwajiri anaona ama mtu mwongo ama mtu mzito. Wala si shida kubwa kuliondoa. Msiulize umeelewa? Mwambieni, nionyeshe. Mpeni kisu au mashine iliyozimwa, afanye mbele yenu. Wasimamizi niliowaona wakifanya hivyo hawakuniita tena kwa jambo hilo.

Msimamizi kijana akimwita mzee wa miaka 58 kwa jina lake la kwanza, akipiga kelele ili asikike juu ya mashine, mzee anakwenda nyumbani amevunjika moyo na hatasema. Vijana wetu waliozoea wanawaita Baba na Mama hata ndani ya kiwanda, na laini haijawahi kusimama kwa ajili hiyo.

Nije kwenye taratibu zenu. Sheria ya wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980 inataka mkimbizi ajitegemee kiuchumi haraka iwezekanavyo. Mashirika yana siku 90 za kwanza za kutupokea. Msaada wa fedha kwa wakimbizi wasiostahili programu nyingine uliruhusiwa hadi miezi 36 sheria ilipoanza. Ukapunguzwa mara kadhaa, kuanzia 1991 ukawa miezi 8, mwaka 2021 ukapanda hadi 12, na tangu Mei 2025 umebaki miezi 4. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imewaondoa wakimbizi wasio na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, katika msaada wa chakula. Na mkopo wa tiketi za ndege huanza kudaiwa miezi michache tu baada ya kufika. Mtu aliyebanwa namna hiyo hachagui kazi. Anapokea ya kwanza iliyo wazi, na iliyo wazi siku zote ni ile ambayo wenyeji wameikimbia: usiku, kwenye baridi, mbali na mji.

Ninajua hamkuitunga sheria hiyo, na maafisa wenu wengi hulala usiku wa manane wakitutafutia vitanda na sufuria. Lakini ninyi ndio mnaoandika ripoti. Ripoti inauliza kama mtu ameajiriwa ndani ya muda uliowekwa. Haiulizi baada ya miaka mitatu yuko wapi. Mimi nawaambia yuko wapi: yuko pale pale, kwenye laini ile ile, Kiingereza chake kimeganda kwenye maneno hamsini ya kiwandani, kwa sababu darasa la Kiingereza linafundishwa asubuhi anapolala na jioni anapoingia zamu. Halafu inaandikwa kwamba Wakongomani hawapandi vyeo. Darasa la Kiingereza lipelekwe kiwandani, mlangoni pa zamu, na saa hiyo ilipwe. Kiwanda kinachoweza kulipia mkutano wa usalama kinaweza kulipia hilo, na kitarudishiwa na mtu anayebaki.

Kuhusu wake zetu, ndugu zangu wanaume watanivumilia. Ni kweli wapo waume wasiotaka mke afanye kazi usiku, wasiotaka alipwe kwenye akaunti yake, wasiogusa chungu hata watoto wakilia njaa. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kuingia katika mambo ya kisheria yanayomfunga, na haikurekebishwa mpaka mwaka 2016. Tumelelewa ndani yake. Hili ni letu, na wachungaji na wazee wetu walisemee madhabahuni waziwazi, sio kwa mafumbo.

Lakini msilifanye kuwa jibu la kila kitu. Wanawake wa Uvira, Baraka na Kalemie ndio waliobeba biashara ya ndagala na mawese kabla ya vita na katikati ya vita. Hawakuanza kuogopa kazi walipofika Marekani. Nyingi ya nyumba ninazoingia, mama hayuko kazini kwa sababu watoto ni watano, gari ni moja, na mume ana zamu ya usiku. Kule mtoto alilelewa na kila mlango wa mtaa. Hapa mama anaogopa kumwacha kwa jirani hata saa mbili, kwa sababu siku ya mafunzo ya kuwasili aliambiwa watoto wanaweza kuchukuliwa na serikali. Mngewapa zamu zinazolingana na saa za shule, mngeshangaa jinsi utamaduni huo unavyoyeyuka.

Msiba. Hapa naomba mnisikilize kwa moyo, kwa sababu hakuna jambo linalowapotezea Wakongomani kazi kwa uchungu kama hili. Viwanda vingi vina mfumo wa pointi: ukikosa unahesabiwa, pointi zikifika kiwango unaondolewa. Likizo ya msiba ni siku tatu hivi, kwa baba, mama, mke, mume, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Baba mdogo hayumo. Mama mkubwa hayumo. Kwetu baba mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto wakati baba mzazi alipouawa. Ndiye aliyeandikwa kwenye karatasi ya mgawo kama mkuu wa kaya yetu. Akifariki Nyarugusu au Bukavu, simu inaingia usiku wa manane, nyumba inajaa watu, wanakaa chini, wanaimba, wanachanga pesa za jeneza na mazishi. Anayeacha kilio hicho ili awahi zamu, kesho akifiwa yeye atakaa peke yake. Katika mji usio na shangazi wala mjomba, watu hawa wa kilio ndio bima pekee tuliyo nayo: ndio wanaotulelea watoto, wanaotupa lifti, wanaotutafutia kazi nyingine mkitufukuza.

Afisa wa utumishi anaomba cheti cha kifo na uthibitisho wa udugu. Cheti gani kitatoka kwenye kijiji cha Fizi kilichochomwa? Nimekaa kwenye vikao vya namna hii, na ninatafsiri "baba mdogo" huku nikimwona afisa akipiga mstari. Mtu anatoka pale na pointi, na anatoka pia na hakika kwamba watu hawa hawana utu. Hilo la pili ndilo litakalomfanya aondoke siku kiwanda cha mji wa pili kitakapomwongezea nusu dola kwa saa, nanyi mtasema hawana uaminifu kwa mwajiri.

Kuhusu ibada, sheria imekwisha kusonga mbele kuliko wasimamizi wengi wanavyojua. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi aikubalie imani ya mtu pale inapowezekana. Desemba 2015, katika kiwanda cha nyama cha Cargill kilichoko Fort Morgan, Colorado, ugomvi kuhusu muda wa sala uliishia kwa Waislamu zaidi ya 100, wengi wao Wasomali, kupoteza kazi. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5 kwa watu 138, huku ikikana kwamba ilikosea. Wakongomani wengi hudhani hayo ni mambo ya Waislamu. Sivyo. Juni 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Groff dhidi ya DeJoy, ilisikiliza madai ya mfanyakazi wa posta Mkristo aliyekataa zamu ya Jumapili. Majaji wote walikubaliana kwamba mwajiri hawezi kukataa ombi la namna hiyo kwa sababu ya usumbufu mdogo; lazima aonyeshe kwamba biashara yake itabeba mzigo mkubwa. Msabato wetu anayefukuzwa kwa ajili ya Jumamosi, na mwalimu wa kwaya anayepangiwa kila Jumapili asubuhi, wote wanahusika. Ndugu zangu, ombeni kwa maandishi, mkiwa watulivu, kabla ya kukosa zamu na si baada yake.

Neno moja kuhusu sisi wakalimani, kwa ufupi. Acheni kumwita mtoto wa miaka 13 amtafsirie baba yake barua ya onyo. Acheni kumtoa binamu kwenye laini atafsiri siri za mwenzake. Na mkumbuke kwamba Kiswahili cha Uvira si kile cha Mombasa. Mkalimani wa simu akisuasua mara tatu, badilisheni mkalimani.

Tangu agizo la Rais Trump la Januari 2025 la kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, milango ya kuingia imefungwa kwa wengi wetu, na mashirika mengi yamepunguza wafanyakazi. Ninajua mtaniambia huu si wakati wa kuomba mambo mapya. Lakini wale 20,000 wa mwaka 2024 na waliowatangulia wako hapa. Wanaingia zamu leo jioni. Mahojiano ya saa moja kwa lugha ya mtu, akiwapo anayemfahamu, hayahitaji kibali cha Washington. Kumwambia mtu "nionyeshe" hakuhitaji bajeti. Na ile orodha ya jamaa wa msiba iko kwenye karatasi moja katika ofisi ya utumishi, na mtu mwenye mamlaka ya kuongeza mstari wa baba mdogo, mama mkubwa, na bibi na babu waliomlea mtu, anaisoma barua hii. Anza na hiyo, mheshimiwa, kabla ya mwezi huu kwisha.

Wenu katika kazi,

Mkalimani wa Kiswahili na Kifaransa, Iowa